Aseniki: Askari Aijue Kabla ya Kuigusa

Wahenga walinena kwamba tahadhari ni kabla ya hatari. Leo twawaandikia askari wetu, wa jeshi na wa polisi, juu ya mali inayopita katika njia za biashara za ulimwengu pasipo makelele, ambayo wengi wetu tumeijua kwa sifa moja tu, nayo ni kuua. Mali hiyo ni aseniki.

Ni nadra kwa aseniki kuchimbwa kwa ajili yake yenyewe. Hutoka pamoja na shaba, dhahabu na risasi. Mawe ya madini hayo yachomwapo katika tanuri, aseniki hupanda kama moshi, na moshi ule upoapo hugeuka kuwa unga mweupe usio na harufu wala ladha. Unga huo ndio uuzwao. Katika miaka hii Peru, China na Moroko ndizo zinazoongoza kwa kuuzalisha. Marekani iliacha kuuzalisha mwaka 1985, nayo sasa hununua kutoka nje. Katika bara letu, kiwanda cha Tsumeb nchini Namibia kiliyeyusha kwa miaka mingi shaba yenye aseniki nyingi iliyosafirishwa kutoka mgodi wa Chelopech, Bulgaria.

Biashara hiyo ina mabaki yake. Huko Yellowknife, Kanada, mgodi wa Giant ulitoa dhahabu tangu 1948 hadi 2004. Dhahabu iliondoka na wenyewe, lakini tani 237,000 za unga wa aseniki zilibaki chini ya ardhi, na mzigo wa kuzilinda ukawaangukia wananchi na serikali yao.

Huenda askari akauliza: haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Mwaka 1782 William Watts wa Bristol, Uingereza, alipewa hati ya kutengeneza marisau kwa kudondosha risasi iliyoyeyuka kutoka mahali pa juu. Aseniki kidogo iliyochanganywa humo huyafanya matone kuwa mviringo. Leo aseniki iliyounganishwa na galiamu imo ndani ya mitambo ya rada na ya mawasiliano. Mali hii basi si adui. Ni mtumishi mkali, na mtumishi mkali hutaka bwana aliye macho.

Vita navyo vimetufundisha. Huko Vietnam, kati ya 1962 na 1971, majeshi ya Marekani yalinyunyizia mashamba ya mpunga dawa yenye aseniki ili adui akose chakula. Karibu na Verdun, Ufaransa, makombora ya sumu yaliyobaki baada ya Vita Kuu ya Kwanza yalichomwa moto msituni, na karibu miaka mia baadaye udongo wa mahali pale ulikutwa ungali umejaa aseniki, majani yakiota kwa shida. Mkataba wa kupiga marufuku silaha za kemikali ulitiwa sahihi mwaka 1993 na kuanza kutumika 1997. Lakini mkataba hausafishi udongo. Moto huteketeza mengi, ila aseniki haiteketei. Hubadili makao tu, ikawa moshi au majivu.

Hapo ndipo penye neno letu kubwa. Nguzo nyingi za umeme na za ua katika Afrika ya Mashariki hutiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki ili mchwa wasizile. Mti huo huwa na rangi ya kijani kibichi inayofifia kwa umri. Nguzo ikisimama, haina neno. Lakini ikianguka, ikapasuliwa na kupikiwa uji wa kambi, basi moshi wake ni sumu na majivu yake ni sumu. Majivu hayo yasitupwe bustanini, wala yasisugulie sufuria. Tunajua askari hachomi nguzo kwa kupenda, huichoma kwa kukosa kuni. Kwa hiyo lawama isimwangukie yeye peke yake: mkuu wa kambi asiyewapatia watu wake kuni naye ana sehemu yake.

Vile vile majosho ya kale. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ng'ombe wa Kenya na Afrika Kusini waliogeshwa katika maji yenye aseniki ili kuua kupe. Askari wapigao kambi penye josho lililoachwa wasichimbe kisima hapo.

Kwa polisi, tunakumbusha historia. Mwaka 1836 James Marsh, mkemia wa ghala la silaha la Woolwich, Uingereza, alitangaza njia ya kuigundua aseniki hata ikiwa chembe ndogo, na tangu hapo muuaji kwa sumu hakulala usingizi. Mwaka 1851 Uingereza ilitunga sheria kwamba kila auzaye aseniki aandike jina la mnunuzi. Hata hivyo, mwaka 1858 mjini Bradford aseniki iliuzwa kwa makosa, ikachanganywa katika peremende, na watu wapatao 20 wakafa. Hakukuwa na mwuaji hapo. Palikuwa na uzembe na chombo kisicho na maandishi sahihi. Sheria isiyo na jicho la msimamizi ni karatasi.

Basi, lori likisimama Malaba au Busia na mzigo wenye alama ya fuvu na mifupa, au namba 1561 ambayo ulimwengu mzima umeutengea unga huu, askari asipasue gunia apate kuonja au kunusa. Atazame hati, aulize mpokeaji ni nani na kazi yake ni ipi, kisha amwite mtaalamu. Gunia likipasuka, watu wapelekwe upande utokako upepo, na unga usifagiliwe mtaroni.

Tunawataka makamanda wayasome haya mbele ya vikosi vyao. Askari huapa kulinda raia dhidi ya adui aonekanaye. Na amlinde pia, pamoja na nafsi yake mwenyewe, dhidi ya huyu asiyeonekana, asiyenuka, na asiye na ladha.