Nimeisoma na Nimeipenda

Hadithi ninayotaka kuitetea hapa ni fupi. Mtu mwenye macho mazima aweza kuianza na kuimaliza kwa kikao kimoja. Inaitwa "Jambula Tree", yaani mti wa mzambarau. Mwandishi wake ni Monica Arac de Nyeko, mzaliwa wa Kitgum, kaskazini ya Uganda. Ilichapwa mwaka 2006 katika mkusanyo wa hadithi za mapenzi za Kiafrika uliohaririwa na marehemu Ama Ata Aidoo wa Ghana, na mwaka 2007 ikapewa Tuzo ya Caine, ikawa mara ya kwanza kwa Mganda kuipata. Tangu hapo imevumishwa sana. Wako walioipandisha mbinguni na wako walioitupa motoni, na wote kwa sababu moja: Anyango na Sanyu, wapendanao wawili wa hadithi hii, wote ni wasichana.

Mimi nimeisoma mara tatu, na nimeipenda. Nalisema hili waziwazi kwa kuwa hapa Ujiji nimekwisha kuambiwa, tena na watu ninaowaheshimu, kwamba mzee wa umri wangu, aliyekuwa mkuu wa chuo cha ualimu, hapaswi hata kuwa na kitabu cha namna hiyo nyumbani kwake. Mwalimu mwenzangu mmoja, mstaafu kama mimi, alinijia na shauri kwamba nikichome. Nikamwuliza, "Mwalimu, umekisoma?" Akanijibu, "Sina haja ya kukisoma."

Jibu hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Kwa zaidi ya miaka 30 mimi na yeye tuliwapa sifuri vijana waliojibu maswali ya vitabu wasivyovisoma. Kijana aliyejaza kurasa nne kwa mambo aliyosimuliwa bwenini tulimtambua katika mistari mitatu ya kwanza, nasi hatukumwonea huruma. Leo uzeeni tunajipa ruhusa tuliyowanyima watoto wa watu.

Na hili si jambo geni kwetu. Wenzangu wa rika langu wanakumbuka habari za "Rosa Mistika" ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, kwa hoja kwamba ingeharibu wasichana. Ndani yake yumo mkuu wa chuo cha ualimu anayewachezea wanafunzi wake. Nami nilikuwa mkuu wa chuo, na sikuona kwamba nimetukanwa, niliona nimeonywa. Leo hakuna mtu mwenye akili timamu anayesimama kusema kwamba Kezilahabi aliwafundisha wasichana wa Ukerewe umalaya. Waliosoma waliona jinsi ukali wa baba usio na mapenzi unavyoweza kumpoteza mtoto. Wasiosoma walibaki na uvumi wao.

Mwezi Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni, pamoja na ule mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa sababu za maadili. Hapo sina ugomvi mkubwa. Wizara ina haki ya kuchagua kitakachosomwa na mtoto wa darasa la nne, nami katika kazi yangu nilichagua pia. Lakini tangazo la mashuleni halikutolewa kwa ajili ya mzee wa miaka zaidi ya 70 aliyeketi upenuni kwake na miwani yake. Sheria ya nchi yetu naijua; inakataza tendo, na adhabu yake ni kali. Siandiki ukurasa huu kuijadili. Nauliza tu ni kifungu gani kinachomkataza mtu kuwasikitikia watu wawili waliotenganishwa.

Nigeukie na upande wa pili, maana huko nako kuna walionikera. Mwaka 2018 Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa filamu iitwayo "Rafiki", iliyotokana na hadithi hii, ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa. Bodi ya filamu ya kwao ikaipiga marufuku. Mwezi Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Nairobi ikaifungulia kwa siku saba tu, watu wazima waione, na kumbi zikajaa. Tangu wakati huo nimesoma sifa nyingi za hadithi yenyewe, na karibu zote zinasifu "ujasiri" wake, utadhani hadithi ni askari wa mstari wa mbele. Hazisemi kama imeandikwa vizuri. Sisi wa Ujiji tunakijua kitabu kilichovumishwa. Stanley alimkuta Livingstone hapa mwaka 1871, akakitangaza kisa hicho dunia nzima, na mpaka leo wageni wanakuja kutazama miembe pale kwenye kumbukumbu, ingawa kurasa za shajara yake zihusuzo siku ile zimechanwa. Uvumi ni kitu kimoja na kitabu ni kingine.

Basi niseme mimi kilichomo. Hadithi ni barua. Anyango anamwandikia Sanyu, ambaye yuko ng'ambo, London. Walikua pamoja katika nyumba za kupanga za Nakawa, mjini Kampala. Usiku mmoja walikutwa chini ya mzambarau, na aliyewakuta si askari wala padri. Ni jirani, Mama Atim. Kulipokucha mtaa wote ulikuwa na habari. Sanyu akapelekwa mbali, Anyango akabaki na macho ya watu. Sasa miaka imepita, amesikia kwamba Sanyu anarudi, na aliyempasha habari hiyo pia ni Mama Atim! Hapo ndipo nilipomvulia mwandishi kofia. Mdomo uliowatenganisha ndio huo huo unaoleta habari njema, maana mdomo wa umbeya hauchagui mzigo.

Ninayo na lawama. Mama Atim hakupewa nafasi ya kutosha ya kujitetea, nami ningependa kujua alilala vipi usiku ule. Lakini nani kati yetu hamjui? Kila mtaa wa Ujiji anaye, na wengine wanaye zaidi ya mmoja. Nimeona uchumba ukivunjika, nimeona binti akihamishiwa Kasulu usiku, kwa maneno ya mtu aliyekuwa anapita tu na ndoo yake ya maji. Ndiyo sababu hadithi ile ya Kampala niliiona kama imeandikwa nyuma ya nyumba yangu.

Nikafanya jaribio. Wavuvi wa dagaa hutegemea giza ili taa zao zivute samaki, kwa hiyo usiku wa mbalamwezi mitumbwi hupumzika na watu hupata nafasi ya mazungumzo. Usiku mmoja wa namna hiyo, barazani, niliwasimulia wazee wenzangu na wavuvi wawili watatu habari za Anyango na Sanyu. Sikudanganya neno. Ila Kiswahili chetu kina tabia yake: ukisema "alimpenda", hujasema mwanamume wala mwanamke. Majina yale nayo kwetu ni mageni. Nilisimulia mti, barua, jirani, na safari ya kwenda Ulaya. Wakasikiliza kwa makini. Mvuvi mmoja alimlaani Mama Atim kwa lugha nisiyoweza kuiandika hapa. Mwingine alisema, "Mungu awakutanishe." Mzee mmoja alijifuta macho kwa pembe ya shuka yake, akasingizia moshi.

Ndipo mmoja akauliza, "Mvulana ni yupi, huyo Sanyu?" Nikawajibu kwamba mvulana hayumo.

Kimya kikaingia. Mmoja akainuka, akakung'uta kanzu, akaenda zake bila kuaga. Yule aliyewaombea dua akasema nimewachezea shere. Nikamwambia hapana, nimewaambia kila kilichomo kitabuni, na kila mlichokisikitikia kimo. Kama huruma ile ilikuwa ya haki dakika moja kabla, anionyeshe ilipoharibikia. Hakuweza, wala wale wanaotaka kitabu kichomwe hawajaweza mpaka leo. Wanaijibu hoja kwa kurudia jina la dhambi.

Wanasema tena kwamba hadithi kama hii huambukiza. Ngoja. Mwalimu Nyerere, mwenyewe akiwa kiongozi wa nchi, alitafsiri tamthilia ya Shakespeare ihusuyo kuuawa kwa kiongozi wa nchi, akaichapisha mwaka 1963 na kuirudia mwaka 1969 kwa jina la "Juliasi Kaizari". Tuliisomesha. Vijana waliigiza jukwaani na visu vya mbao, damu ikawa rangi nyekundu. Hakuna aliyetoka pale kwenda kumvizia Rais. Mwalimu aliwaamini wasomaji wake kuwa watu wazima. Mimi naomba imani hiyo hiyo, tena kwa kisa kisicho na kisu hata kimoja.

Kitabu sijakichoma. Kiko kabatini, na mtu mzima akikiomba nampa, nikiandika jina lake kwenye daftari kama nilivyofanya maktaba ya chuo. Aliyekiomba wa kwanza ni yule mzee wa moshi. Kiingereza hakijui. Ana mtoto aliyeondoka nyumbani miaka mingi, kwa sababu ambazo hajaniambia nami sijamwuliza. Kwa hiyo nimeanza kuitafsiri, kurasa mbili kwa juma, na kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri anakuja kusomewa. Tumefika pale jirani anapotokea na tochi ya maneno yake. Alhamisi iliyopita aliniomba nirudie ukurasa ule tangu mwanzo, polepole, naye akaufuatisha kwa kidole ijapokuwa mwandiko wangu siku hizi unatetemeka.