Saa Moja ya Ndege Si Umbali

Siku hizi wako watu wengi ambao, ukiwauliza Kalemie ni mbali gani na Lubumbashi, hujibu upesi: «Si mbali, saa moja na kidogo tu.» Wanasema saa ya ndege. Jibu hilo, wasomaji wapenzi, ni jibu la mtu mwenye tiketi mkononi, nasi hatulikubali.

Tuhesabu pamoja. Piga mstari juu ya ramani toka Lubumbashi mpaka Kalemie, utapata kilometa 660 hivi. Ndege inayokwenda kilometa 500 kwa saa itazimaliza kwa saa moja na dakika 20. Hesabu ni nzuri. Lakini haikutia ndani njia ya kwenda kiwanja cha Luano, wala kungoja pale juu ya mizigo, wala siku ile ndege isipokuja. Na yule asiyeweza kununua tiketi hakuhesabiwa kabisa. Naye si mmoja, ni mji mzima.

Huyo hupita chini. Reli ya kutoka Kabalo ilifika Kalemie mwaka 1915. Kwa miaka mingi msafiri alishuka garini Bukama, akapanda mashua ya Lualaba mpaka Kabalo, akapanda gari tena. Mwaka 1956 reli ya Kamina na Kabalo iliunganishwa, na mashua haikuwa ya lazima tena. Toka Lubumbashi kwa njia hiyo ni zaidi ya kilometa 1,200, karibu mara mbili ya mstari wa ramani. Ila kilometa siyo shida. Shida ni kwamba safari huhesabiwa kwa siku, na pengine siku zenyewe hazijulikani. Ukishika barabara ya Pweto na Moba, masika itakufundisha subira kwa matope yake.

Sasa sikieni neno langu. Mkubwa akizoea kupita juu ya mawingu, hasikii tena reli ikilegea wala haoni daraja likioza. Kwake Kalemie imekuwa karibu; basi, kwa nini atafute feza za kutengeneza njia? Ndivyo ndege, chombo chema, inavyoweza kusaidia uvivu.

Wengine watasema: je, mgonjwa asipelekwe upesi? Apelekwe! Hakuna anayekataza. Lakini nani amepata kuona magunia ya mahindi ya mji mzima yakipanda ndege? Mama wa Kalemie mwenye gunia la ndagala wakavu hatalipia gunia lake kiti. Gunia hungoja behewa, na likikawia, bei hupanda Lubumbashi na faida hupotea ziwani. Umbali wa kweli ni huo: tofauti ya bei ya samaki ule ule, ufukoni na sokoni.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili, wala si makubwa. Kwanza, kila mkubwa mwenye kazi ya njia na reli asafiri kwa gari la moshi mara moja kila mwaka toka Lubumbashi mpaka ziwani, katika behewa la watu wote, pamoja na kuku zao. Pili, kila stesheni iandike juu ya ubao siku ya gari kuondoka na siku ya kufika, na ikiisha kuandika, isifute.