Filamu ipi hupoteza wakati wa Mtanzania?

Kuna mabishano yasiyokwisha mjini Babati, nayo huzuka mahali popote wanapokutana watumishi wa serikali na walimu baada ya saa za kazi. Mwalimu anayefika mjini mwisho wa mwezi kutoka Dareda au Magugu huwakuta wenzake wamekwisha kugawanyika. Upande mmoja unashikilia kwamba filamu za Kitanzania, zile ziitwazo Bongo Movie, ni kupoteza wakati tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba mtu mwenye akili zake hutazama za Marekani, za India au za Korea. Upande wa pili unajibu kwamba wasemao hivyo ni watumwa wa mambo ya kigeni. Wapo pia wazee wanaodai kuwa zilizopoteza wakati kuliko zote ni zile filamu za mafunzo zilizoletwa na gari la sinema na kuonyeshwa uwanjani usiku, zikimfundisha mkulima namna ya kushika jembe alilozaliwa akalikuta nyumbani.

Mabishano yenyewe si mabaya. Kibaya ni namna yanavyoendeshwa. Kila upande hutaja nchi ilikotoka filamu, ukadhani kwamba kwa kufanya hivyo umekwisha kutoa hukumu. Msomi anayesema, "Hiyo ni ya Kibongo, sina haja ya kuiona," hakuhakiki kitu. Ametangaza tu kwamba hakuiona. Naye anayesifu filamu kwa sababu tu imepigwa Dar es Salaam hakuhakiki kitu, amefanya ujirani. Wakati wa mwananchi ni mali, tena ni mali isiyorudishwa ikishaibwa. Basi yafaa aulize swali lililo gumu zaidi kuliko la nchi ya asili. Yafaa aulize: filamu hii imenifanya mimi mtazamaji kuwa nani? Imenihesabu kuwa mtu mwenye akili ya kufikiri, au imenihesabu kuwa mtoto, mteja au sehemu ya mandhari?

Uchukuliwe mfano ulio karibu na Babati. Mwaka 1962 ilitoka filamu ya Marekani iitwayo Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks, mchezaji wake mkuu akiwa John Wayne. Ilipigwa kaskazini mwa Tanganyika, pamoja na Momella chini ya Mlima Meru. Siku hizo Babati ilikuwa katika Jimbo hilo hilo la Kaskazini, na hata baada ya majimbo kugeuzwa mikoa iliendelea kuwa chini ya Arusha mpaka Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002. Jina la filamu ni neno la Kiswahili. Nchi inayoonekana ni nchi ya Watanzania. Urefu wake ni dakika 157, na kisa chake ni kikundi cha wageni wanaokamata wanyama pori ili wapelekwe kwenye bustani za wanyama ng'ambo.

Haki itendeke kwa filamu hiyo. Kifaru anayeligonga gari ni kifaru kweli, na vumbi linalotimka ni vumbi la nchi hii. Upigaji picha wake ulipendekezwa kwa tuzo ya Oscar, na wahakiki wa jarida la Cahiers du Cinéma huko Ufaransa walimhesabu Hawks kuwa miongoni mwa mabingwa wa kazi hiyo. Mtazamaji wa Babati atakuwa mkaidi akikana yote hayo. Lakini mtazamaji huyo huyo ana haki ya kuuliza kwamba katika dakika 157 wenyeji wa nchi walikuwa wapi. Walikuwapo. Walishika kamba, walitumikia, wakampa bibi mgeni jina la Mama Tembo. Miongoni mwa wahusika wakuu, wale wanaopenda, wanaoogopa, wanaokata shauri na kubadili shauri, hayumo Mwafrika hata mmoja. Mbuga ilipewa nafasi kubwa. Mwenye mbuga hakupewa.

Ajabu ya jambo hili huonekana vizuri zaidi mtu akiitazama kalenda. Katika mwaka huo huo wa 1962, tangu Januari hadi Desemba, Waziri Mkuu wa Tanganyika alikuwa Ndugu Rashidi Mfaume Kawawa. Na Ndugu Kawawa, kabla ya kuongoza wafanyakazi na kabla ya kuongoza serikali, alikuwa mchezaji wa sinema. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa mtumishi wa serikali kijana, alicheza katika filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu. Wakati Hollywood ilipokuwa ikiiambia dunia kwamba Mtanganyika anafaa kushika kamba ya kumfungia kifaru, mchezaji wa sinema wa Kitanganyika alikuwa ameshika hatamu za serikali. Desemba ya mwaka huo, nchi ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alilieleza Bunge nia ya kuunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akasikitika kwamba elimu ya kikoloni iliwafanya wasomi waone fahari katika ngoma za wageni na kuona haya kwa ngoma za kwao.

Haya hiyo haikuota yenyewe. Ilipandwa, na sinema ilikuwa mojawapo ya majembe ya kuipandia. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palifanywa jaribio la sinema kwa ajili ya Waafrika, likiongozwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Zilitengenezwa filamu zaidi ya thelathini kuhusu mambo kama kodi, ngozi, kahawa na kuweka akiba, zikatembezwa kwa lori katika nchi za Afrika Mashariki. Imani iliyokuwa nyuma ya kazi hiyo ni kwamba Mwafrika hawezi kuifuata sinema ya kawaida, kwa hiyo atengenezewe ya kwake, ya polepole na nyepesi, kama uji wa mtoto. Basi wazee wanaozilalamikia filamu za mafunzo hawakukosea kitu. Hawakuchukizwa na mafunzo; mkulima hujifunza kila msimu. Walichukizwa na kuhesabiwa watoto.

Hata hivyo si kila filamu yenye mafunzo ni ya aina hiyo, na hapa wazee nao wasikilize. Baada ya Uhuru nchi iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, na katika miaka ya 1970 ikatengenezwa Fimbo ya Mnyonge, kisa cha mwananchi maskini anayehangaika kutafuta kazi mjini na hatimaye kupata makao katika kijiji cha ujamaa. Wako wanaoibeza leo kwamba ilikuwa siasa tupu. Siasa ilikuwamo, tena haikufichwa. Lakini mnyonge ndiye aliyekuwa katikati ya kisa, akitembea kwa miguu yake na kukata shauri lake. Anayeona kwamba hiyo ni siasa, lakini akaona kwamba Hatari! ni burudani isiyo na siasa, yafaa ajiulize aliambiwa hivyo na nani.

Sasa ije zamu ya Bongo Movie, maana ndiyo kiini cha ugomvi. Ukweli usemwe waziwazi: nyingi katika hizo zimepoteza wakati wa wananchi. Gari hupita getini mpaka mtazamaji akachoka. Watu hukaa sebuleni, katika nyumba ambayo mfanyakazi wa kawaida haijui, wakizozana juu ya mapenzi na urithi kwa muda mrefu kuliko kesi ya mahakamani. Kisa cha saa moja hukatwa kikawa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Anayeyakana haya kwa jina la uzalendo anawadanganya wananchi.

Lakini anayeyataja haya akaishia hapo anajidanganya mwenyewe. Kisa kilikatwa vipande viwili kwa nini? Kwa sababu diski mbili huuzwa kwa bei ya mbili. Upigaji picha uliharakishwa kwa nini? Kwa sababu mtayarishaji aliiuza kazi yake kwa msambazaji pamoja na haki zake, mara moja, kwa fedha kidogo, naye akalazimika kuanza nyingine kabla fedha hizo hazijaisha. Huo si upungufu wa akili ya Mtanzania; ni mwendo wa biashara inayomlipa mfanyabiashara kabla ya mfanyakazi. Mwezi Aprili 2017 baadhi ya waigizaji waliandamana mjini Dar es Salaam wakipinga kuuzwa kwa filamu za nje zisizolipiwa kodi. Wengi waliwacheka, wakisema watengeneze kwanza filamu nzuri. Kicheko hicho kilikuwa cha haraka mno. Mwenye kibanda cha mbao na mwenye ghorofa la wizi hawawezi kushindanishwa kwa uzuri wa nyumba, halafu wa kibanda akaambiwa ajilaumu mwenyewe.

Na kama filamu hizo zingekuwa upuuzi mtupu, wasomi waeleze kilichotokea Aprili 2012 alipofariki Ndugu Steven Kanumba. Umati uliofurika viwanja vya Leaders, Kinondoni, kumuaga haukulazimishwa na mtu. Watu wale walikuwa wamejiona kwake. Pengine walijiona katika kioo chenye ufa, lakini kilikuwa kioo. Na aliyekwisha kujiona katika kioo chenye ufa hudai kisichokuwa na ufa. Asiyewahi kujiona hadai chochote.

Ni jambo la kusikitisha kwamba katika kazi hii ya kudai, msomi amepitwa na kijana wa kibanda umiza. Katika vibanda hivyo filamu ya Hong Kong au ya India huonyeshwa ikiwa na sauti ya mtafsiri wa Kiswahili, kazi ambayo watu kama yule aliyejulikana kwa jina la Lufufu waliifanya ikawa sanaa. Mtafsiri hasemi tu maneno ya mchezaji. Humdhihaki jambazi, humwonya shujaa, huifananisha mitaa ya mbali na mitaa ya hapa. Nao watazamaji hujibu, hubisha, hucheka pasipotarajiwa. Pale kwenye benchi, filamu ya mgeni inahojiwa. Nyumbani kwa msomi inaamkiwa kwa heshima, kimya, mpaka usingizi umchukue.

Mwalimu asijitetee kwamba hana zana. Zana anazo, tena anazitumia kila wiki. Anapofundisha riwaya au tamthiliya huwauliza wanafunzi juu ya fani na maudhui, juu ya wahusika, migogoro na ujumbe. Kwa nini maswali hayo yafungiwe darasani, wakati mwanafunzi huyo huyo anatazama filamu nyingi kuliko vitabu anavyosoma? Mfano upo tayari. Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilifanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, ikaonyeshwa Toronto, na mwaka 2022 ikawa filamu ya pili ya Tanzania kupelekwa kushindania Oscar, baada ya Maangamizi ya mwaka 2001. Aliyeisoma riwaya anaweza kulalamika kwamba filamu imeacha mengi. Mwenzake anaweza kujibu kwamba picha moja imesema yaliyochukua kurasa. Hayo ndiyo mabishano yenye faida! Hapo mtu hataji nchi wala bei ya kamera. Anataja kitu alichokiona na sababu ya kukikubali au kukikataa.

Jambo hili si la starehe tu. Mwezi Agosti 2017 serikali ya India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingizwa nchini mwake, na bei ikaanguka. Mkulima wa Babati, aliyekuwa akiitegemea mbaazi kwa ada na kwa bati, akabaki na magunia yake. Jioni alipoketi kutazama filamu ya Kihindi alijua majina ya mashujaa wa Bombay, lakini hakuna kioo cha sinema kilichomwonyesha yeye, gunia lake, dalali wake, na amri iliyotoka mbali ikamfikia shambani. Kisa hicho kina shujaa, kina mgogoro, kina machozi na hata kichekesho. Kinachokosekana ni mtazamaji aliyefundishwa kukidai, na mtengenezaji anayejua kwamba atadaiwa.

Kwa hiyo Afisa Utamaduni na mwalimu wana wajibu wa pamoja. Filamu za nyumbani zionyeshwe shuleni na katika kumbi za jumuiya, kisha zijadiliwe bila huruma na bila dharau. Filamu za nje nazo zionyeshwe, zipimwe kwa mizani hiyo hiyo, wala zisipewe ratili za heshima kwa kuwa zimevuka bahari. Anayenunua kazi ya msanii ainunue halali, maana haiwezekani kumdai mtu ubora huku ukiununua wizi wa kazi yake. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Jahazi la filamu za Tanzania halitaundwa na wasifiaji, wala na wale wanaosimama pwani wakilicheka kwa kuvuja. Litaundwa na wananchi wanaopanda, wakaonyesha kwa kidole mahali maji yanapoingilia, na kuidai mbao iliyo bora.