Mchakacho ndani ya Ampli Mpya ya Lampu

SIKIO LA BOYOMA
Safu ya kila wiki ya Mwana Boyoma

Ampli ya gita inayotumia lampu ina ugomvi ndani yake tangu siku inapoundwa. Ndani ya sanduku moja kuna spika nzito inayosukuma hewa kwa nguvu, na karibu nayo vimeshikiliwa vioo vyembamba vilivyojaa nyuzi, sahani ndogo za chuma na vipande vya mika. Kazi ya spika ni kutetemesha, na lampu haipendi kutetemeshwa. Kwa hiyo ampli iliyotoka kwenye katoni asubuhi inaweza kuchakacha jioni ya siku hiyohiyo bila chochote kuharibika ndani yake. Mara nyingi kinachochakacha ni skrubu, nati au ubao uliolegea. Lampu hulaumiwa kwanza kwa sababu inaonekana: inawaka, ina moto, na inauzwa peke yake. Mpiga gita wa Kisangani anayenunua lampu nne kabla ya kushika bisibisi anatumia pesa nyingi kutafuta jibu ambalo huenda lipo kwenye mpini wa kubebea.

Safari ya ampli kuja Kisangani ina sehemu yake katika tatizo hili. Mzigo unaotoka Kinshasa kwa mto hupanda zaidi ya kilometa 1,700 juu ya tishari. Unaotoka Mombasa hupita Uganda, ukaingia Beni, kisha ukashika Barabara ya Taifa namba 4: Komanda, Mambasa, Nia-Nia, Bafwasende. Transfoma mbili za chuma kizito zikirukaruka ndani ya sanduku kwa njia hiyo yote, nati zinazozishika hujifungua kidogokidogo. Baada ya hapo kuna hewa ya msitu. Ubao wa unga wa mbao, ambao watengenezaji wengi hutumia kupunguza gharama, hunywa unyevu ukavimba. Joto la lampu likiukausha, unanywea, na skrubu inabaki katika tundu lililokuwa kubwa kuliko ilivyo yenyewe. Neno "mpya" juu ya katoni halisemi lolote kuhusu hayo.

Si kila mchakacho ni kasoro. Likembe huwekewa pete ndogo za chuma kwenye ndimi zake makusudi, ili kila noti itoke na mvumo wake. Kundi la Konono N°1 la Kinshasa lilipitisha likembe kwenye ampli za kuundwa kwa mikono, na albamu ya *Congotronics* ya mwaka 2004 ikaifikisha sauti hiyo yenye kukwaruza mbali sana na Kongo. Lakini pete ya likembe hufuata kila noti kwa uaminifu, kwa kuwa imewekwa na mwenye chombo. Mchakacho wa ampli huchagua. Unakaa kimya noti kumi, ya kumi na moja unaruka. Tabia hiyo ya kuchagua ndiyo alama ya kwanza ya kufuata.

Kila kitu kigumu kina noti yake, ile inayokitetemesha kuliko nyingine zote. Basi uchunguzi huanza na gita lenyewe: uzi mnene wa Mi unapigwa ukiwa wazi, kisha freti kwa freti hadi ya 12, sauti ikiwa ya katikati, na noti inayochakacha inaandikwa kwenye karatasi. Mi ya chini ina hezi 82 hivi, Sol ya freti ya tatu hezi 98, La ya freti ya tano hezi 110. Mchakacho ukitokea kwenye Sol tu, au kwenye Sol na jirani zake, kuna kitu kilicholegea kinachoitikia noti hiyo. Ukitokea kwenye kila noti na kufa pamoja nayo, spika au lampu inaingia katika orodha ya washukiwa. Na kelele inayoendelea hata gita likiwa limefungwa sauti si mchakacho, ni mvumo wa umeme, na ina dawa yake tofauti.

Hapa wapigaji wa sebene hudanganyika kirahisi. Sebene hukaa juu, kwenye nyuzi nyembamba na freti za mbali, na noti hizo haziamshi ubao wa nyuma wala wavu wa mbele. Ampli iliyojaribiwa dukani kwa sebene pekee itaonekana safi. Siku mwenzao mwenye kupiga akompanyima atakapoichomeka na kushuka kwenye nyuzi nene, sanduku zima litajibu.

Kabla ya kuishuku ampli, chumba nacho kichunguzwe. Mabati ya paa, vioo vya dirisha, kopo la sarafu juu ya meza, na zaidi ya vyote ngoma ya kati ya seti ya drams, ile yenye waya chini yake: vyote hivyo hulia pamoja na gita na kumfanya mtu aape kwamba sauti imetoka kwenye spika. Kanisani, ambako drams na ampli hukaa umbali wa hatua mbili tu, waya za ngoma hiyo zilegezwe kwanza. Gita nalo lina skrubu, springi na vifunguo. Simu inayotoa noti moja ndefu ikichomekwa mahali pa gita, jambo hilo linakwisha: mchakacho ukibaki, gita halina hatia.

Baada ya hapo ni kazi ya mkono. Mtu mmoja hupiga noti mbaya na kuirudia, mwingine huweka kiganja na kukandamiza: mpini wa juu, ubao wa nyuma, pembe za chuma, miguu ya raba, kibandiko cha jina, wavu wa mbele, vifundo vya kuzungusha, nati za matundu ya waya. Mahali ambapo kukandamiza kunanyamazisha kelele ndipo ilipo. Mkono usiingie nyuma ya sanduku lililo wazi wakati ampli inafanya kazi, maana kioo cha lampu kubwa huunguza ngozi mara moja. Skrubu hukazwa kwa kipimo. Ubao wa unga ukizidishiwa nguvu hupasuka ndani, na skrubu haitashika tena mpaka tundu lizibwe kwa kijiti cha mti na gundi. Nati za spika hukazwa kwa kuruka upande hadi upande, si kwa kuzunguka, ili fremu isipinde. Ubao wa nyuma unaogongana na sanduku hutulizwa kwa ukanda mwembamba wa kitambaa kizito. Kwa ampli nyingi, mambo huishia hapa.

Yasipoishia, kuna jaribio moja linalofaa kuliko yote, na inasikitisha kwamba halifanywi mara nyingi. Spika ya ndani inachomolewa, na ampli inaunganishwa na sanduku jingine la spika lenye omu zilezile, lililowekwa mbali kidogo. Mchakacho ukipotea, ulikuwa ni mtetemo wa spika ya ndani ukigusa kitu, au spika yenyewe. Ukihamia kwenye spika ya pili, umo ndani ya umeme wa sauti, na lampu sasa ina kesi ya kujibu. Sharti moja halina msamaha: ampli ya lampu isiwashwe na kupigwa bila spika yoyote. Nguvu isiyo na pa kwenda hurudi kwenye transfoma ya kutolea sauti na inaweza kuiua.

Spika inayoshukiwa husukumwa polepole kwa vidole, pande mbili zikisawazishwa. Ikisikika inakwaruza, koili yake imekwenda upande, na ikiwa mpya irudishwe kwa muuzaji. Lakini kwanza zitazamwe zile waya laini mbili zinazoingia kwenye karatasi ya spika. Zikiwa ndefu kupita kiasi hupiga karatasi kila noti nzito inapopita, na kelele yake inafanana kabisa na ya koili mbovu.

Lampu zenyewe ni za aina mbili. Ndogo, kama ile ECC83 ambayo Wamarekani huiita 12AX7, huikuza sauti inapoingia. Kubwa, kama EL84, EL34 au 6L6, huisukumia spika. Ndogo ikiwa mbovu hufanya kama maikrofoni: ikigongwa taratibu kwa penseli ya mbao, spika hulia kengele. Karibu lampu zote ndogo husikika kidogo zikigongwa, hasa iliyo ya kwanza kutoka kwenye tundu la gita. Inayolia kwa muda mrefu baada ya kugongwa ndiyo ya kutiliwa shaka. Ampli ikizimwa na kupoa, mbili za namba moja zibadilishane nafasi. Kelele ikifuata lampu, jibu limepatikana kwa bei ya dakika tano.

Lampu kubwa huchakacha kwa namna nyingine. Vyuma vya ndani hutetemeka dhidi ya vishikizo vya mika, na sauti hutoka kwenye kioo chenyewe, nyuma ya sanduku, si kwenye spika. EL84 zina sifa mbaya kwa hili, hasa zikining'inia juu chini ndani ya sanduku moja na spika. Pete za silikoni zinazostahimili moto husaidia. Mpira wa tairi la baiskeli hausaidii: unayeyuka, unanuka na kuchafua kioo. Vifuniko vya alumini na springi za kushikia lampu navyo hulia, na hivyo hukunjwa kidogo tu vibane. Kubadilisha lampu kubwa za EL34 au 6L6 mara nyingi kunataka fundi apime mkondo upya, na kazi hiyo isifanywe kwa kubahatisha.

Ampli yenye riverbi ina sanduku la springi chini yake. Kifundo cha riverbi kikishushwa hadi sifuri na mchakacho ukakoma, raba zinazolibeba sanduku hilo zitazamwe.

Umeme wa Kisangani nao unastahili kupimwa. Volti zinapokuwa chini sana ya 220, nyuzi za joto za lampu, zilizoundwa kwa volti 6.3, hazipati moto wa kutosha, na sauti hufifia na kukwaruza. Jenereta ndogo inayozunguka polepole hushusha hezi chini ya 50, na chuma cha transfoma huanza kunguruma hata noti isipopigwa. Tena jenereta ikiwekwa ukutani mwa chumba kilekile, hutikisa sakafu na ampli iliyo juu yake. Mita ya bei nafuu kwenye tundu la umeme huepusha hukumu nyingi za uongo.

Kifuniko cha chuma kinachoficha waya za ndani ndicho mpaka wa mwenye ampli. Kapasita zilizo humo huweza kubaki na volti 300 hadi 500 baada ya plagi kuchomolewa, na volti hizo huua. Kukifungua ni kazi ya fundi anayejua kuzimwaga kabla ya kugusa kitu, na fundi asiyeweza kueleza anavyozimwaga asipewe ampli hiyo.

Ukarabati ukikamilika, ampli ipigwe kwa nusu saa nzima, nyuzi nene zikihusishwa, kwa sababu kilichonyamaza kikiwa baridi kinaweza kusema kikipata joto. Baada ya kuzimwa itatoa milio midogo ya tik, tik, kwa dakika chache. Hiyo ni vyuma na vioo vikirudi katika ukubwa wake, na haina haja ya bisibisi.