Ati hadithi ni ya watu wa sanaa!

Wadau, salaam kutoka hosteli, ghorofa ya tatu, ambako maji hayajapanda tangu juzi. Nilikuwa kimya wiki mbili, naandaa pendekezo la utafiti wa mwaka wa tatu. Jana limerudi. Kurasa kumi na moja, na juu ya ukurasa wa kwanza kalamu nyekundu: hadithi ni ya watu wa sanaa, tafuta mada ya kisaikolojia. Basi, hakuna kingine.

Sasa mi nimeudhika, na leo nasema.

Nilichotaka ni kitu kidogo tu. Kukaa na wazee waliopoteza usemi baada ya kiharusi, niwasimulie hadithi kwa namna mbili: moja wakisikiliza kimya, nyingine wakiitikia, wakipiga makofi na kuimba kiitikio. Halafu nione ipi inawatoa maneno. Wazo lenyewe sikulidesa popote. Bibi yangu kule Pangani alipata kiharusi 2022. Upande wa kulia ukalala, maneno yakakatika. Ukimuuliza jina lake anakutazama tu, machozi yanamlengalenga. Jioni moja kitukuu chake, mtoto wa dada, akapanda kitandani na kupiga kelele, "Paukwa!" Bibi akajibu, "Pakawa!" Safi kabisa, sauti ileile ya zamani. Nyumba nzima kimya. Mama akatoka nje.

Mtu atasema muujiza. Siyo. Madaktari wa neva wanalijua jambo hili tangu karne ya 19. Hughlings Jackson wa Uingereza aliliandika. Aliyepoteza usemi anaweza bado kuhesabu, kuapa, kusali au kuimba. Mwaka 1973 watafiti wa Boston, Albert, Sparks na Helm, walichapisha tiba ambayo mgonjwa anarudishiwa maneno kwa kuyaimba, huku mkono wake wa kushoto ukigonga mdundo. Mkono, jamani! Mkono unatafuta nini hapo, kama akili ni mambo ya kichwani peke yake? Wataalamu bado wanabishana kama kinachosaidia ni wimbo au ni mdundo. Ndo maana inataka utafiti, au siyo?

Shida yetu ilianza mwaka wa kwanza. Tulichorewa ubaoni visanduku vitatu: taarifa inaingia, inachakatwa, jibu linatoka. Mwili ni waya tu wa kupitishia. Huyo ni Descartes wa 1641 aliyevalishwa nguo za kompyuta! Mwaka 1991 Varela wa Chile, pamoja na Thompson na Rosch, walitoa kitabu kizima, The Embodied Mind, wakisema kwamba kufikiri ni shughuli ya kiumbe chenye mwili kilicho katikati ya ulimwengu wake. Zaidi ya miaka thelathini imepita. Desa letu halijapata habari.

Na kinachochekesha ni kwamba sisi wenyewe kila siku tunaongea kama Varela. Somo limeniingia. Nimelishika. Nimemeza desa zima, kesho naenda kulitapika kwenye karatasi. Sijawahi kumsikia mtu hapa akisema "nimelihifadhi kama faili". Mwaka 2004 Hauk, Johnsrude na Pulvermüller, wakiwa Cambridge, waliwasomesha watu vitenzi vya mguu, vya mkono na vya ulimi wakiwa ndani ya mashine ya MRI. Kwenye ubongo zikaamka sehemu zilezile zinazoendesha viungo hivyo, au za jirani yake. Sehemu kuamka siyo ushahidi kwamba ndiyo inayoelewa neno, hilo nakubali, na nimeliandika ukurasa wa sita ambao nina hakika haukufunguliwa.

Halafu kuna utafiti ninaoupenda kuliko wote, wa Stephens, Silbert na Hasson wa Princeton, 2010. Walirekodi ubongo wa msimuliaji akisimulia kisa cha maisha yake, kisha ubongo wa wasikilizaji 11. Ubongo wa wasikilizaji ulikuwa unaufuata wa msimuliaji, na sehemu nyingine zikimtangulia, kama vile zinajua kinachokuja. Hadithi iliposimuliwa kwa Kirusi kwa wasiojua Kirusi, muunganiko ule ukapotea.

Sasa fikirieni huyo msikilizaji yuko wapi. Amelala chali ndani ya tundu la sumaku, mashine inagonga ngo-ngo-ngo, na kichwa haruhusiwi kukitikisa. Hawezi kucheka akajirusha, hawezi kuitikia. Hadithi bila pakawa! Nawaheshimu sana wale jamaa, lakini kilichobaki nje ya tundu ndicho bibi alichobaki nacho. Na mambo yanabadilika: mwaka 2017 Dikker na wenzake walivalisha kofia za EEG wanafunzi 12 wa sekondari huko New York, darasani kwao, muhula mzima. Mawimbi yao ya ubongo yalienda pamoja zaidi walipokuwa wanalifurahia somo. Wenzetu wanahangaika kutoka maabara waingie kwenye kundi la watu. Sisi kundi tunalo, na tunaambiwa siyo sayansi.

Watu wa sanaa nao msishangilie. Mtihani wenu wa fasihi simulizi unasema "taja sifa tano za ngano", na mtu anapata A bila kuwahi kuitikia hadithi hata moja tangu azaliwe. Fomula ya kufungulia, mnaiandika, alama mbili. Wakati miaka ya 1980 mwanzoni Penina Mlama na wenzake walikwenda Malya, kule Mwanza, na wanakijiji wakacheza matatizo yao wenyewe kwa ngoma na maigizo, kisha wakayajadili. Pale mtazamaji alikuwa na miguu. Ninyi mmeirudisha kwenye karatasi.

Mhadhiri wangu aliuliza jambo moja la maana: utapima nini? Maneno, mwalimu. Nahesabu maneno yanayotoka na sekunde za kusubiri, kwa video, watu wawili wakihesabu bila kuambizana. Sihitaji sumaku. Nahitaji mkeka, idhini ya wagonjwa na ya familia zao, na nauli, ambayo bumu likitoka naitoa mwenyewe.

Jumatatu saa nne nina miadi naye. Nimeongeza ukurasa wa vipimo. Video ya bibi, sekunde 40, iko kwenye simu. Mama ameruhusu mhadhiri aione, ila siyo kuirusha kwenye magrupu, kwa hiyo msiniombe. Anayejua kituo cha mazoezi ya viungo upande wa Tanga kinachopokea wanafunzi wa utafiti, anistue. Ngoja nishuke na ndoo, nasikia bomba la chini limefunguliwa.