Tusiwanyang'anye Mabinti Riwaya za Upelelezi

Wako wazazi na walimu ambao wakimkuta binti na riwaya ya upelelezi humnyang'anya papo hapo. Husema ni kitabu cha kihuni, kimejaa bastola na maiti, kinampotezea muda wa masomo. Nia yao ni njema, lakini katika hili wamekosea, nasi hatuna budi kuwaambia kwa heshima.

Tutazame mfano mmoja. Mwaka 1982 Sara Paretsky, mwandishi wa Kimarekani aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya bima mjini Chicago, alitoa riwaya yake ya kwanza, Indemnity Only. Mpelelezi wake ni V. I. Warshawski, mwanamke mwanasheria, binti wa polisi. Anapewa kazi ya kumtafuta msichana aliyetoweka. Anafika nyumbani kwake na kukuta maiti ya kijana wa kiume. Toka hapo kisa hakipoi. Wahuni wanamkamata na kumpiga ili akome. Ofisa wa polisi, rafiki wa marehemu baba yake, anamtaka aachane na kazi isiyomfaa mwanamke. Hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Na siri inayofichwa si almasi wala ujasusi. Ni fidia. Majina ya wafanyakazi yanatumiwa kudai malipo ya majeraha yasiyokuwapo, bima inalipa, na wakubwa wanagawana. Warshawski anaufichua wizi huo kwa kufuata karatasi na kuwauliza watu maswali wasiyoyapenda. Msomaji wa kwetu aliyewahi kuona fedha za ushirika zikiyeyuka hahitaji kufafanuliwa.

Kwa nini kisa cha namna hii humfanya mtu akeshe? Ni kwa kuwa kila jibu linazaa swali, na kila shahidi huenda anadanganya. Msomaji analazimika kukumbuka nani alisema nini, wapi, na kwa faida ya nani. Hayo si kupoteza muda. Hiyo ndiyo akili tunayoitaka darasani na mahakamani. Tena anajifunza kwamba njia ya mwongo ni fupi, na anajifunza bila kuchapwa fimbo.

Ushupavu nao usifasiriwe vibaya. Warshawski akipigwa huumia, uso huvimba, naye huogopa kama mtu yeyote. Tunampenda kwa sababu kesho yake huamka akaendelea na kazi. Binti anayesoma hayo anaona kuwa woga si aibu, na kwamba kuambiwa "hili si lako" si hoja.

Sisi tumewahi kuwa na wapelelezi hodari. Muhammed Said Abdulla alituletea Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960. Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, mwaka 1974. Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango, na katika visa vyake yumo Nuru, msichana jasiri. Lakini shujaa ni Joram. Mara nyingi mno mwanamke katika riwaya hizi amekuwa chambo cha kumnasa mwanamume, au maiti ya sura ya kwanza.

Sisemi kila kitabu kinafaa. Vipo vinavyomchora mwanamke na bunduki jaladani, ndani hakuna ila matusi na damu. Hivyo mzazi avikatae, lakini avisome kwanza.

Basi enyi waandishi, tupeni mpelelezi wa kike wa Kiswahili: karani wa bandari, mwanasheria wa mahakama ya mwanzo, mwandishi wa habari wa mkoani, mwenye kuijua kazi yake na asiyenunulika. Wachapishaji, msimwogope. Na wewe mzazi, mrudishie binti yako kitabu chake. Akimaliza, muulize mwuaji ni nani na alimjuaje.