Betri Iwe Tezi au Omo?

Wazee wetu walisema kwamba hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hiyo nimeisikia tangu utoto wangu hapa Mombasa, wala sikudhani hata siku moja kwamba ingenirudia kwa sababu ya gari la mchezo linaloendeshwa kwa rimoti. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Na kwa kuwa jambo lenyewe lilinitia aibu mbele ya watoto, naona ni haki nilieleze wazi, kisha nitoe rai yangu.

Mpwa wangu, kijana wa miaka 15, aliletewa gari hilo na ami yake kutoka Dubai. Si yale magari ya plastiki yanunuliwayo siku ya Idi, ambayo hayafiki Idi ya pili. Hili ni bagi ya mashindano, moja kwa kumi ya ukubwa wa gari la kweli. Lina springi zake, mota ya umeme inayozungusha magurudumu ya nyuma peke yake, na betri ambayo mtu aweza kuitoa na kuisogeza. Ukilipima lote ni kama kilo moja na nusu, na betri peke yake ni kama gramu 200. Hakuna kitu kingine kizito kiasi hicho ambacho mwenye gari anaweza kukihamisha bila ya kuvunja wala kununua chochote.

Siku ya kwanza tulilipeleka ufuoni Nyali, maji yakiwa yametoka. Kwenye mchanga mbichi ulioshikana lilikwenda vizuri. Lilipofika kwenye mchanga mkavu wa juu, magurudumu ya nyuma yakazunguka bure, yakajichimbia shimo, na gari likalala hapo kama mashua iliyopwelewa. Kijana akaniambia, "Mjomba, mota hii haina nguvu. Tununue kubwa zaidi." Nikamwuliza bei. Aliponitajia, nikakumbuka kwamba mwezi ulikuwa haujafika nusu.

Nikalitazama gari vizuri. Betri ilikuwa katikati. Nikaona kwamba nguvu ilikuwapo tele, kwani magurudumu yalikuwa yakizunguka kwa kasi. Lililokosekana ni uzito wa kuyakandamiza yashike mchanga. Nikaisogeza betri nyuma mpaka ikakaribia mota, nikaifunga. Likapanda mchanga ule ule bila ya kusitasita. Watoto wakanipigia makofi, nami, Mungu anisamehe, nikavimba kichwa. Nikamwambia mpwa wangu, "Mahali pa betri ni tezi. Usiiguse tena." Hata nikaibandika kwa gundi.

Hapo ndipo nilipokosea.

Wiki mbili baadaye vijana wa mtaani walipanga mashindano yao katika ukumbi mmoja, wakatandika mazulia makuukuu na kupanga vipande vya mbao kuwa kona. Gari la mpwa wangu liliondoka kwa kishindo. Kila alipotia moto, magurudumu ya mbele yaliinuka juu kama punda aliyekataa mzigo. Na gurudumu lisilogusa chini haliwezi kuongoza. Alipokata kushoto, gari lilikwenda moja kwa moja. Katika mzunguko wa tatu likajipiga ukutani, mkono wa gurudumu la mbele ukavunjika. Wenziwe wakacheka. Yeye hakusema neno, ila alinitazama, na mtazamo ule ulinikata kuliko kicheko chao.

Maana yake ni nini? Zulia si mchanga. Mpira wa gurudumu hulishika zulia wenyewe, bila ya kuhitaji uzito mwingi wa kuukandamiza. Kwa hivyo uzito uliokuwa dawa kule ufuoni ulikuwa sumu hapa. Uzito ukirundikana nyuma, mbele kunakuwa kwepesi na usukani haufanyi kazi. Ukirundikana mbele, gari hukata kona upesi, lakini penye vumbi au mchanga nyuma hukosa mshiko, gari likajizungusha kama pia. Hakuna mahali pamoja ambapo ni sawa siku zote. Kuna mahali panapofaa ardhi hii, leo.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa bagi zake za Sand Scorcher na Rough Rider mwaka 1979. Mwaka 1984 Team Associated ya Marekani ikatoa RC10, na mwaka 1985 mashindano ya dunia ya magari haya madogo ya umeme yakafanyika Del Mar, California. Zama hizo mbio zilikuwa za udongo na vumbi, na katika bagi nyingi zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, mota iliwekwa nyuma kabisa, hata kupita ekseli. Betri zilikuwa za vijiwe sita, zenye uzito wa zaidi ya gramu 300. Baadaye, hasa Ulaya, mbio nyingi zikahamia kwenye mazulia na nyasi za bandia. Kuanzia miaka ya 2010 watengenezaji wengi wakaileta mota mbele ya ekseli ya nyuma, na betri nyepesi za siku hizi zikaachiwa nafasi ya kusogezwa. Basi hata mabingwa hawakulipata jibu moja la kudumu. Ardhi ilipobadilika, walibadilisha mpango wao.

Lakini mimi nauliza: je, sisi watu wa pwani tulihitaji kufunzwa haya na Japani au California? Nahodha gani wa jahazi aliyepakia shehena bila ya kufikiri kati ya tezi na omo? Chombo kikiwa kitupu, wazee walitia farumi ili kisipinduke. Nenda Lamu siku za mashindano ya mashua utazame. Mabaharia wanakaa juu ya ubao uliotokeza ubavuni, upande wa upepo, na kila tanga linapogeuzwa nao wanahamia upande wa pili, na mifuko ya mchanga inahamishwa pamoja nao. Hakuna anayemwambia nahodha anunue tanga kubwa zaidi. Husoma upepo na maji, kisha hupanga uzito wake. Elimu hii ni yetu, na mimi mjukuu wa baharia niliisahau kwa sababu ya makofi ya watoto watano.

Shemeji yangu, baba wa kijana, alipoliona gari limevunjika alitaka liuzwe. Alisema mambo mawili, na yote mawili yastahili jibu. La kwanza, mchezo huo unamtoa kijana kwenye masomo ya skuli na chuoni. La pili, alisikia kwamba siku ile kila mtoto alitoa fedha kidogo, na mshindi alikuwa achukue zote.

Katika la pili sina hoja. Washindani wakitoa fedha zao kisha mmoja wao akazizoa, hiyo ni kamari, na udogo wa fedha hauihalalishi. Nilikwenda kwa vijana wale nikawaambia hivyo, nao wakakubali. Sasa hawatoi kitu, na wanafunga mchezo kabla ya adhana ya Magharibi.

Katika la kwanza, nilimwomba shemeji anipe Jumamosi moja. Tuliing'oa ile gundi, tukaweka sifongo mbele na nyuma ya betri ili iweze kusogezwa, tukachora mistari ya kalamu kila sentimita moja. Nikampa kijana daftari. Sharti lilikuwa moja: asibadilishe mambo mawili kwa pamoja. Asogeze betri mstari mmoja, azunguke mara tano, aandike alichokiona, ndipo asogeze tena. Alifanya hivyo kwenye mchanga mkavu, kwenye mchanga mbichi, kisha kwenye lile zulia. Kabla ya adhuhuri alikuwa amejaza kurasa nne. Shemeji alizisoma zote, akatikisa kichwa, akasema, "Huyu mwalimu wake wa fizikia amelalamika mwaka mzima kwamba haandiki kitu." Gari halikuuzwa.

Rai yangu, basi, ni hii. Tunawanunulia watoto vitu vilivyofungwa, na vikishindwa tunawanunulia vingine vyenye nguvu zaidi. Hivyo tunawafunza kwamba dawa ya kila kushindwa ni fedha. Mara nyingi nguvu ipo, ila imewekwa pasipo pake. Afadhali mtoto apewe kitu kimoja kinachofunguka, na mzee wa kukaa naye. Na huyo mzee naye ajichunge asifanye nililolifanya mimi, la kumpa mtoto jibu la ufuoni na kumwapia kwamba litamfaa ukumbini. Gundi ile haikubandika betri peke yake. Ilibandika na akili ya mtoto isiulize tena.

Juzi vijana walialikwa kwenye kiwanja cha murram huko bara. Mpwa wangu alikuja kwangu usiku, daftari mkononi. Nikadhani atauliza betri iwekwe wapi, nami nilikuwa tayari kujibu, maana ada ya wazee ni kujibu. Yeye akauliza, "Mjomba, huko mvua imenyesha?"

Nikanyamaza. Sikuwa na jibu, na nilifurahi kwamba sikuwa nalo. Aliuliza swali ambalo babu yangu angeliuliza kabla ya kung'oa nanga.